Kikokotoo kinasema 12 kwa 100, mke wangu anasema nenda kesho: nichukuliwe kinyama cha tezi dume?

BARUA

Mshauri, salaam.

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja ningeiandikia. Nina miaka 61, nimeoa, na watoto wetu watatu ni watu wazima. Jambo langu ni la kiafya, lakini limeshageuka kuwa la nyumba nzima, ndiyo maana nimeanzia kwako kabla ya kurudi kwa daktari.

Kwa muda sasa naamka usiku kukojoa, na mkojo wenyewe unatoka kwa kusuasua. Nilipokwenda hospitali walipima mkojo wakakuta maambukizi, wakanipa dawa. Siku hiyohiyo wakanitoa damu ya kipimo cha PSA. Daktari akanifanyia na kile kipimo cha kidole ambacho wanaume tunakikimbia, akasema tezi dume imekua ila ni laini, hajagusa kinundu wala sehemu ngumu. Nikapelekwa utrasaundi, imeandikwa tezi ina ujazo wa mililita 58. PSA ilirudi 6.4. Daktari akaniambia inatakiwa iwe chini ya 4, kwa hiyo nichukuliwe kinyama kikapimwe. Mazungumzo yalikuwa mafupi, nje kulikuwa na foleni ndefu. Nikapewa karatasi ya kupanga siku. Mpaka leo sijapanga.

Sababu ya kwanza ni kaka yangu. Miaka michache iliyopita alikuwa hapa nilipo mimi leo. Alichukuliwa vinyama kupitia njia ya haja kubwa, na haukupita muda akaanza kutetemeka kwa homa. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, akalazwa, tukadhani tunampoteza. Majibu yalipotoka, hakuna saratani iliyoonekana. Hadi leo anasema walimtoboa bure, na aliposikia habari zangu alinipigia simu kunisihi nisikubali.

Sababu ya pili ni binti yangu, ambaye kazi yake ni takwimu. Alitafuta mtandaoni kikokotoo cha hatari ya saratani ya tezi dume, kimojawapo cha watafiti wa Marekani, tukakaa tukajaza pamoja: umri, PSA, majibu ya kidole, asili, kama nimewahi kuchukuliwa kinyama, kama nina baba au ndugu wa kiume aliyeugua. Kwenye swali la ndugu tulijibu hapana. Kikasema kati ya wanaume 100 kama mimi, 12 wangekutwa na saratani ya hatari, 20 wangekutwa na ile ya daraja la chini, na 68 wasingekutwa na kitu. Binti yangu akasema, "Baba, hiyo ni 88 kwa 12. Kwa nini upitie aliyoyapitia baba mkubwa?"

Mke wangu hataki kusikia habari za kikokotoo. Yeye ndiye aliyemuuguza marehemu baba yangu hadi mwisho, na baba aliondoka akiwa na mpira wa mkojo. Wazee walisema ni tezi, na hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani wa tezi. Kwa mke wangu jambo liko wazi: baba alikuwa na saratani, alichelewa, na mimi nachelewa vilevile. Alipogundua kwamba tumejibu hapana kwenye swali la ndugu, alichukua simu akajaza upya kwa kujibu ndiyo, na 12 ikawa 16. Akaniuliza, "Na wewe ukiwa miongoni mwa hao 16?" Tangu hapo yeye na binti hawazungumzi vizuri.

Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, najiuliza kama ile namba naiamini kwa kuwa ni ya kweli au kwa kuwa imenipa nafasi ya kutokwenda. Sindano nitaivumilia. Kinachoninyima usingizi ni yatakayofuata: kutajiwa jina la ugonjwa, kisha upasuaji, kisha kuvuja mkojo na kukosa nguvu za kiume, kama ninavyosikia kwa wenzangu. Namheshimu daktari, nampenda mke wangu, na akili ya binti yangu naiamini. Siwezi kuwatii wote watatu.

Nikikataa kuchukuliwa kinyama, nitakuwa nimetumia akili au nimekimbia?

Ni mimi,
Baba wa Watatu


JIBU

Mzee wangu, shikamoo.

Nakushukuru kwa kuandika kwa kirefu, hasa kwa lile swali unalojiuliza ukiwa peke yako. Mtu anayeweza kujiuliza kama anaiamini namba kwa sababu ya ukweli wake au kwa sababu inamfaa, huyo hajakimbia bado. Mimi si daktari, na hakuna neno langu hapa linaloweza kuchukua nafasi ya mtu aliyekupima. Ila nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona ndani yake mna habari ambazo hakuna kati yenu aliyezitumia.

Umeniletea swali la ndiyo au hapana: kuchukuliwa kinyama au kukataa. Nikizitazama karatasi zako naona mambo kadhaa ambayo yangeweza kufanyika kabla ya kufika kwenye ndiyo au hapana hiyo, na mengine ni mepesi.

Tuanze na ile 6.4. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, tezi nzima na tezi yenye ugonjwa. Kiasi kidogo huvuja kwenye damu. Saratani huongeza uvujaji huo, lakini hata tezi iliyokua kwa sababu ya umri huuongeza, na maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuipandisha PSA juu sana kwa muda. Wewe ulitolewa damu siku ileile uliyokutwa na maambukizi. Miongozo ya Uingereza, kwa mfano, inashauri PSA isipimwe mpaka zipite kama wiki 6 tangu maambukizi ya mkojo yaishe, na kwa saa 48 kabla ya kipimo mwanaume asiwe amemwaga manii wala kufanya mazoezi mazito. Hatujui 6.4 yako ingekuwa ngapi siku nyingine. Inawezekana ingekuwa hiyohiyo. Lakini namba iliyoingizwa kwenye kikokotoo na binti yako, na ikaingizwa tena na mama yake, ni namba ambayo wataalamu wengi wangetaka kuirudia kabla ya kuijengea uamuzi wowote.

Hata ile 4 uliyoambiwa ni mstari uliochorwa na watu, na mwili hauujui. Huko Marekani, katika utafiti mkubwa wa kuzuia saratani ya tezi dume ulioanza mwaka 1993, walichukuliwa kinyama hata wanaume ambao PSA yao haikuwahi kuvuka 4. Kati yao, 15 katika kila 100 walikutwa na saratani, ingawa nyingi zilikuwa za daraja la chini. Upande wa pili, katika kila wanaume 4 wenye PSA iliyopanda, karibu 3 hawana saratani. Ndiyo maana vikokotoo vikatengenezwa. Watafiti waliona kwamba PSA pekee yake inawapeleka wengi kwenye sindano bila haja na inawaacha wengine, wakaamua kuisoma pamoja na umri, kidole, ukoo na historia ya mtu.

Sasa ile mililita 58. Kikokotoo mlichojaza hakikuuliza ukubwa wa tezi, kwa hiyo namba hiyo imekaa tu kwenye karatasi. Tezi kubwa hutoa PSA nyingi hata ikiwa salama, na madaktari wana njia rahisi ya kulizingatia hilo: wanagawanya PSA kwa ujazo wa tezi. 6.4 ukigawanya kwa 58 unapata 0.11. Wengi huanza kuwa na wasiwasi zaidi inapofika 0.15 na kuendelea, na hupumua zaidi ikiwa chini ya 0.10. Yako iko katikati, ikielekea upande wa nafuu. Na ikiwa sehemu ya ile 6.4 ililetwa na maambukizi, inaweza kushuka zaidi. Haikutoi kwenye hatari. Ni habari ya kweli inayostahili kuwa mezani, na inafaa umwulize daktari anaionaje.

Nije kwa kikokotoo chenyewe, maana ndicho kilichowagawa. Naona binti yako na mkeo wameisoma namba moja, na hakuna aliyekosea hesabu. Katika wanaume 100 wanaofanana nawe kwa yale mliyojaza, wakichukuliwa kinyama wote, 88 watapitia sindano, na baadhi wataugua kama kaka yako, bila kukutwa na saratani ya hatari. Wasipochukuliwa wote, 12 watarudi nyumbani nayo bila kujua. Binti anawaangalia 88 kwa sababu anamkumbuka baba yake mkubwa akitetemeka. Mkeo anawaangalia 12 kwa sababu anamkumbuka baba mkwe wake. Kikokotoo kinahesabu vizuri, lakini hakiwezi kukuambia lipi kati ya hayo mawili ni zito kwako. Wako wanaume ambao 5 kwa 100 inawakosesha usingizi, na wako ambao kwa 20 wangesubiri kwa amani kabisa, ilmradi wafuatiliwe. Nadhani bado hamjakaa nyumbani kwenu mkaulizana hilo: wewe mwenyewe, namba ngapi ingekufanya uende?

Halafu kuna ubora wa majibu mliyokipa. Kama mlitumia kile maarufu cha Marekani kilichotokana na utafiti niliokutajia, toleo lake la kwanza la mwaka 2006 lilijengwa juu ya wanaume 5,519, na waliokuwa weusi ni wachache sana. Ikiwa una asili ya Kiafrika, jambo hilo lina uzito, kwa sababu wanaume wa asili hiyo huupata ugonjwa huu zaidi na mara nyingi mapema zaidi. Uingereza inakadiriwa mwanaume mweusi 1 kati ya 4 atakutwa nao maishani, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni 1 kati ya 8. Sijui mlijibu vipi swali la asili. Libadilisheni jibu hilo mwone namba inavyosogea, kisha muone na jinsi inavyosogea mkiweka PSA ya 4.5 au ya 8. Kwa mtu wa takwimu kama binti yako hilo si geni: jibu linalobadilika kiasi hicho kwa kugusa swali moja lichukuliwe kama makadirio yenye upana. 12 na 16 za nyumbani kwenu hazipishani vya kutosha kuwafanya mama na mtoto wanyimane salamu.

Ila lile swali la baba yako si dogo, na hapa mzee wangu nitakuomba ufanye kazi kidogo. Mkeo ana hakika ilikuwa saratani. Binti yako alijibu hapana kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Wote wawili wamekisia. Mpira wa mkojo peke yake hautuambii: tezi inayokua kwa uzee bila saratani yoyote hubana njia ya mkojo na kumfikisha mtu kwenye mpira. Wako ndugu waliomwona. Waulize kama alikuwa akilalamikia maumivu makali ya mgongo, nyonga au mifupa kwa muda mrefu, kama alikonda sana, kama aliwahi kuondolewa korodani au kupigwa sindano za homoni, na alikuwa na umri gani yalipoanza. Majibu hayo hayatathibitisha kitu, lakini yanaweza kuielekeza "ndiyo" au "hapana" mahali pake. Kuwa na baba au ndugu wa kiume aliyeugua huongeza hatari kwa kiasi cha mara mbili, zaidi akiwa aliugua akiwa bado hajazeeka. Na usiishie upande wa baba. Kama kuna wanawake katika ukoo, hata upande wa mama yako, waliougua saratani ya matiti au ya ovari wakiwa vijana, mwambie daktari, kwa sababu kuna vinasaba, hasa kile kiitwacho BRCA2, vinavyounganisha magonjwa hayo na hili.

Kuhusu kaka yako. Maumivu yake ni ya kweli, na hofu yake kwako ni upendo. Anasema alitobolewa bure. Uchungu huo unaeleweka, ila siku ile, kabla ya majibu, hakuna aliyejua kwamba ingekuwa bure. Hilo hujulikana baada tu. Kilichomlaza kina maelezo: sindano inayopita kwenye njia ya haja kubwa inaweza kusukuma vijidudu hadi kwenye tezi na damu. Tafiti nyingi huwaweka wanaolazwa kwa maambukizi baada ya njia hiyo kati ya mtu 1 na 4 katika kila 100. Ipo njia nyingine, ya kupitisha sindano kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ambayo hupunguza sana maambukizi ya aina hiyo. Uliza kama inafanyika unakotibiwa. Na kama haifanyiki, mweleze daktari yaliyompata kaka yako, pamoja na kwamba umetoka kutumia dawa za maambukizi hivi karibuni, maana huenda akahitaji kuchagua kinga tofauti. Mengine yanayotarajiwa ni damu kwenye mkojo kwa siku kadhaa na kwenye manii kwa wiki kadhaa, na mara chache mkojo kuziba kabisa. Huna sababu ya kuyadharau, na huna sababu ya kuyakuza.

Kuna hatua nyingine ambayo barua yako haikuigusa kabisa, nayo ni picha ya MRI ya tezi dume kabla ya sindano. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa PRECISION, wa wanaume 500 katika nchi 11. Nusu walichukuliwa vinyama moja kwa moja kwa njia ya kawaida. Nusu walipigwa MRI kwanza, na waliochukuliwa kinyama ni wale tu ambao picha ilionyesha kitu cha kutiliwa shaka. Katika kundi la MRI, 28 katika kila 100 hawakuguswa na sindano. Na juu ya hapo, saratani za hatari zilipatikana nyingi zaidi, kwa wanaume 38 katika kila 100 dhidi ya 26, huku zile ndogo ambazo huenda zisingewahi kumsumbua mtu zikipatikana chache zaidi. Mimi naiona hiyo kuwa moja ya habari njema kubwa kwa wanaume katika miaka ya karibuni. Picha hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Mwenye 1 au 2, na hesabu yake ya ujazo iko chini kama yako inavyoelekea kuwa, mara nyingi madaktari hukubali kuiacha sindano na kumfuatilia kwa PSA. Mwenye 4 au 5 huelekezwa kwenye kinyama, na safari hii sindano inajua inakokwenda. Mwenye 3 hubaki kwenye mazungumzo. Hatari yake ni kwamba picha nayo hukosa. Katika utafiti mwingine, wa Uingereza wa mwaka 2017, karibu 11 katika kila 100 ambao MRI yao ilionekana salama walikuwa na saratani ya hatari. Na si kila mahali kuna mashine hiyo au msomaji mzoefu wa picha hizo.

Pasipo na MRI bado kuna kipimo cha damu cha PSA iliyo huru, yaani ile isiyoshikamana na protini nyingine kwenye damu. Sehemu iliyo huru ikizidi robo ya PSA yote, hatari hushuka. Ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi, hupanda.

Na njia ya kwenda moja kwa moja kwenye kinyama, kama daktari alivyoandika, nayo ni njia halali. Ina faida ambayo hesabu haionyeshi: inamaliza mashaka kwa kiasi kikubwa, na kwa wanandoa wengine mashaka ndiyo yanayowala zaidi. Kama baada ya kurudia kipimo PSA itabaki palepale au itapanda, na habari za ukoo zikaelekea kule mkeo anakofikiri, huenda hata wewe ukaiona tofauti.

Njia inayonipa wasiwasi ni ile uliyomo sasa. Hujakubali na hujakataa, hujarudia kipimo, hujarudi kwa daktari, na karatasi ipo tu. Kuiacha sindano huku ukifuatiliwa ni uamuzi wa kitabibu ambao madaktari wengi wanauheshimu. Huo una tarehe: PSA inarudiwa lini, ikifika ngapi tunafanya nini. Bila tarehe, kikokotoo hakikusaidii tena, kinakuhifadhia tu mahali pa kukaa. Kuamka kwako usiku nako kunahitaji tiba bila kujali kinyama. Dalili hizo kwa kawaida hutoka kwenye kukua kwa sehemu ya ndani ya tezi, wakati saratani nyingi huanzia sehemu ya nje na kwa muda mrefu haisemi kitu. Kwa hiyo hazithibitishi hofu ya mkeo, wala dawa ikizituliza hazitakuwa zimekuhakikishia usalama. Jihadhari na jambo moja: ukipewa finasteride au dutasteride, ambazo ni dawa za kusinyaza tezi, dawa hizo hupunguza PSA hadi karibu nusu baada ya miezi kadhaa. Kila atakayeisoma PSA yako baada ya hapo lazima ajue unazitumia, la sivyo namba nzuri itamdanganya.

Sasa lile linalokunyima usingizi. Umeyaunganisha mambo matatu kana kwamba ni moja: kinyama, jina, upasuaji. Yana milango kati yake, mzee wangu, na kila mlango una uamuzi wake. Kinyama kinaweza kutoka bila kitu. Kinaweza kutoka na saratani ya daraja la chini, ile iliyopewa alama 6 kwa kipimo cha Gleason kinachopima ukali wa saratani, ambayo ni nadra kusambaa, na ambayo siku hizi wengi hufuatiliwa tu kwa vipimo bila kukatwa wala kuchomwa mionzi. Katika utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT, wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ikiwa bado ndani ya tezi waligawanywa kati ya kufuatiliwa, kufanyiwa upasuaji na kupigwa mionzi. Baada ya miaka 15, waliokuwa wamekufa kwa ugonjwa huo walikuwa kama 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Nikuambie na upande wa pili: waliofuatiliwa tu walipata kusambaa kwa ugonjwa karibu mara mbili ya wengine, kama 9 katika kila 100 dhidi ya 5, na zaidi ya nusu yao hatimaye walitibiwa. Kuvuja mkojo na kupungukiwa nguvu baada ya upasuaji ni mambo yanayotokea kweli, wenzako hawakukudanganya. Ila hakuna mtu anayeweza kukusukuma kwenye upasuaji kwa sababu tu ulikubali kinyama. Hofu hiyo mtajie daktari kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Na mtajie mkeo pia. Kwa jinsi ulivyoandika, sidhani kama anajua kwamba ndiyo inayokushikilia. Huenda anadhani unamdharau yeye na kumbukumbu ya baba.

Umesema huwezi kuwatii wote watatu. Sijaona kwenye barua yako mahali ambapo mmoja wao anataka kutiiwa. Daktari alipendekeza, na foleni ikamzuia kueleza. Ungeomba miadi mingine ukaenda na mkeo na binti pamoja, na karatasi zote, ile ya utrasaundi ikiwa juu, mkauliza: tuirudie PSA lini? MRI inapatikana? Kinyama kikihitajika, kitapitia wapi? Tukisubiri, dalili gani au namba gani itatufanya tuache kusubiri? Mwachie binti kazi ya kuandika majibu, na mama yake kazi ya kuuliza yale unayoona haya kuyauliza.

Na wakati wote huo, ukiona damu kwenye mkojo, mkojo ukiziba, homa ikija na baridi ya kutetemeka, au mifupa ya mgongo na nyonga ikaanza kuuma bila sababu, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

Niandikie ukishapata PSA ya pili. Ningependa kujua imesema nini, na wazee wamekueleza nini kuhusu baba.